Tonge la Kioo na Sahihi ya Kiongozi

Msomaji wetu aishikapo chupa ya soda baada ya saa zake za kazi, ni nadra kukumbuka kwamba chupa ile ilikuwa tonge la moto, lenye rangi ya embe bivu, lililoanguka kutoka tanurini na kuingia ndani ya kalibu kwa muda mfupi kuliko pumzi moja. Habari ya tonge hilo, na jinsi watu walivyohangaika mpaka wakapata njia ya kulifikisha katika kalibu likiwa zima, twaona yafaa ielezwe katika ukurasa huu. Kwanza, ni habari ya kazi ya mikono na akili za wafanyakazi. Pili, imo ndani yake kesi moja ambayo kila mtu aliyepewa dhamana ya kusema kwa niaba ya wenzake yampasa kuijua.

Tuanze na kioo chenyewe. Kioo cha chupa ni mchanga, magadi na chokaa, pamoja na vigae vya chupa zilizovunjika, vyote vikiyeyushwa pamoja katika joto la kadiri ya nyuzi 1,500 za Selsiasi. Magadi hayo si mageni kwetu: Ziwa Magadi la Kenya limekuwa likichimbwa kwa ajili ya biashara tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na viwanda vya kioo ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Lakini kioo hakina tabia ya maji, ambayo huganda ghafula yafikapo kiwango chake cha baridi. Kioo hupita polepole kutoka hali ya asali hadi hali ya uji mzito, na kutoka uji mzito hadi ugali, na kutoka ugali hadi jiwe. Kikiwa moto mno, chatiririka na kukataa kushika umbo. Kikipoa kupita kiasi, chakataa kuenea katika kalibu. Kati ya hali hizo mbili iko nafasi nyembamba, na kazi yote ya kutengeneza chupa hufanyika ndani ya nafasi hiyo.

Kwa karne nyingi kioo kilichukuliwa kutoka tanurini kwa mkono. Fundi mwenye kazi ya kuchota alitia ncha ya mrija wa chuma ndani ya kioo kilichoyeyuka, akauzungusha kama mtu azungushavyo kijiti ndani ya asali, akautoa ukiwa na donge kwenye ncha. Uzito wa donge lile haukupimwa kwa mizani, bali kwa macho na kwa bega la fundi. Akichota pungufu, chupa ilitoka nyembamba. Akichota kupita kiasi, chupa ilitoka nzito, na tajiri akalalamika kwamba kioo chake chapotea. Fundi mpulizaji alilipokea donge, akalibiringisha juu ya bamba, akalitia katika kalibu, akapuliza. Chini ya miguu yake alichuchumaa mtoto aliyefunga na kufungua kalibu. Mtoto mwingine aliipokea chupa kwa koleo, na mwingine akazikimbiza chupa kwenye tanuri la kupoozea, akienda na kurudi, mchana au usiku, kwa kadiri ya zamu iliyomwangukia.

Hatusemi mambo ya kubuni. Mwaka 1908 mpiga picha Lewis Hine, aliyetumwa na kamati ya Marekani iliyokuwa ikipinga kazi za watoto, aliingia katika viwanda vya kioo vya Indiana na West Virginia akawapiga picha watoto hao. Baadhi ya picha zilipigwa usiku wa manane, na ziko mpaka leo kwa yeyote atakaye kuzitazama.

Mmoja wa watoto wa namna hiyo, katika kizazi kilichotangulia, alikuwa Michael Owens. Alizaliwa mwaka 1859, akaingia katika kiwanda cha kioo cha mji wa Wheeling akiwa na umri wa miaka 10. Alipokuwa mtu mzima huko Toledo, katika jimbo la Ohio, akisaidiwa kwa fedha na tajiri Edward Libbey, alijiuliza swali ambalo wapulizaji hawakuwa wamejiuliza. Wao walifikiri juu ya kupuliza. Yeye alifikiri juu ya kuchota. Chombo chake cha kwanza kilikuwa mfano wa pampu ya baiskeli: kilivuta kioo juu, kisha kikasukuma hewa ndani yake. Kufikia mwaka 1903 pampu ile ilikuwa imekuwa mashine kubwa izungukayo, yenye mikono mingi, na kila mkono uliinama juu ya chungu cha kioo, ukanyonya kipimo chake, ukakatwa kwa kisu, ukapuliza. Wengi walioandika habari za kazi za watoto katika Marekani husema kwamba mashine ya Owens iliwaondoa watoto viwandani upesi kuliko sheria nyingi zilizotungwa. Iliwaondoa pia wapulizaji, watu waliokuwa na ujira mzuri na chama chenye nguvu, na hilo halikuwa jambo dogo katika nyumba zao.

Hata hivyo mashine ile ilikuwa na kasoro moja. Kila mara kisu kilipokata, mkia wa kioo kilichokwisha kupoa ulirudi chunguni na kuacha doa la baridi. Ndiyo sababu chungu chenyewe kililazimika kuzungushwa, ili mkono unaofuata ukute kioo kilicho moto. Basi mashine nzito ilihitaji chungu kizito kizungukacho, na moto wa kukihifadhi. Kiwanda kidogo hakikuweza.

Wengine walijaribu njia iliyo nyepesi zaidi kwa macho: kutoboa tundu chini ya tanuri na kukiacha kioo kimwagike chenyewe ndani ya kalibu, kama mkondo. Homer Brooke ndiye anayekumbukwa kwa njia hiyo. Lakini yeyote aliyemimina asali katika bakuli amekwisha kuona lililotokea. Mkondo haulali chini kwa utulivu. Hujikunja, pete juu ya pete, kama kamba inayoshushwa kisimani. Kati ya pete na pete hewa hunaswa. Pete ya kwanza hugusa chuma na kupoa kabla ya ile ya mwisho kuwasili. Chupa iliyotoka hapo ilikuwa na mikunjo na mapovu ndani ya ukuta wake, na chupa yenye kasoro ukutani yaweza kupasuka mkononi mwa mnywaji.

Jibu lilipatikana katika kampuni iliyoitwa Hartford-Fairmont, ambayo mwaka 1922 iliungana na nyingine ikawa Hartford-Empire. Mhandisi wake, Karl Peiler, alishughulika na jambo hilo kwa miaka mingi, na fikira yake twaweza kuieleza kwa vyombo vya jikoni. Kioo chaongozwa kutoka tanurini kupitia mfereji wa matofali, ambamo joto lake lasawazishwa, mpaka kwenye bakuli lenye tundu chini. Juu ya tundu wasimama mchi wa udongo wa kuchoma. Mchi ukishuka, wakisukuma kioo nje ya tundu. Mchi ukipanda, wakivuta kidogo kirudi, hata shingo ya kioo kinachoning'inia yawa nyembamba. Papo hapo makasi mawili yakutana chini ya tundu na kukata. Kinachoanguka si mkondo wala tone, bali tonge: zima, lenye uzito uliokusudiwa, na lenye umbo lililokusudiwa, refu kwa kalibu nyembamba au fupi kwa kalibu pana. Tonge hilo halijagusa chuma chochote ila makali ya makasi.

Msomaji atauliza, mbona jambo dogo kama hili lisifiwe hivi? Twamwomba afikiri juu ya neno «umbo». Mkondo huchukua umbo lolote unaloangukia. Tonge la Peiler lilikuja kwenye kalibu likiwa limekwisha kuandaliwa, kama mpishi mzoefu afinyangavyo tonge kabla halijafika kinywani. Mpaka leo, viwanda vya chupa ulimwenguni hufuata njia hiyo, na vilivyoko Dar es Salaam na Mombasa havikubaki nyuma.

Wala kazi haikuishia hapo. Katika miaka ya 1920, Henry Ingle wa kampuni hiyo hiyo alitengeneza mashine ambayo kalibu zake hazizunguki, bali zimepangwa safu, kila sehemu ikijitegemea, hata moja iharibikapo yaweza kusimamishwa na kutengenezwa huku nyingine zikiendelea. Faida yake ni kubwa, lakini ilileta taabu mpya. Kalibu zisipozunguka kulifuata tonge, tonge halina budi kupelekwa kwa kila kalibu. Basi chini ya makasi iliwekwa kata iliyopinda, ambayo hugeuka huku na huku, ikalitupa tonge katika mfereji wa chuma unaoteremka, na mwisho wa mfereji kipo kigeuzio kinacholisimamisha wima na kuliangusha ndani ya kalibu.

Hapo ndipo mafundi wengi wa chupa wapotezapo usingizi. Kalibu zilizo katikati ya safu ziko karibu; zilizo pembeni ziko mbali. Tonge la pembeni lateleza njia ndefu zaidi, lagusa chuma kwa muda mrefu zaidi, lachelewa, na lafika likiwa limenyooka au limepoa upande mmoja. Likiingia kwa upande, lagusa ukuta wa kalibu kabla ya wakati wake, na mahali lilipogusa pataonekana katika chupa kama mkunjo au kovu. Ukuta mmoja utakuwa mnene na wa pili mwembamba. Mfereji ukiwa na mikwaruzo au ukikauka mafuta, tonge lapunguza mwendo. Makali ya makasi yakichakaa, alama ya mkato yasafiri pamoja na tonge mpaka kwenye chupa. Na joto la mfereji wa matofali likipungua kidogo tu, kioo chawa kizito kupita tunduni, na uzito wa kila tonge wapungua, ingawa hakuna aliyegusa kitu.

Kwa sababu hiyo maboresho ya miongo ya karibuni yameelekezwa karibu yote katika safari hii fupi. Kata na makasi, ambavyo zamani viliendeshwa na gurudumu moja la chuma lililochongwa, leo vyaendeshwa na mota za umeme zinazoongozwa na kompyuta, hata fundi aweza kubadili saa ya mkato bila ya kusimamisha mashine. Kamera hulitazama kila tonge linapoanguka, hupima urefu wake na mwelekeo wake, na kulinganisha lililokwenda pembeni na lililokwenda katikati. Mifereji hupakwa tabaka la kuteleza lisilochakaa upesi.

Iko kazi moja ambayo haina budi kutajwa kwa heshima. Kalibu ya kwanza ipokeayo tonge yapasa kupakwa mafuta yenye unga wa grafaiti kila baada ya muda, ili kioo kisigande ukutani. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa na mfanyakazi mwenye brashi ndefu, ambaye aliingiza mkono wake kati ya chuma kinachofunguka na chuma kinachofunga, mashine ikiendelea kwenda, moshi ukimpanda usoni. Chupa za kwanza baada ya kupaka hutupwa, kwa kuwa huwa chafu, hivyo mpakaji yu kati ya mambo mawili: akipaka mara nyingi apoteza chupa, akipaka mara chache kioo chakwama. Siku hizi ziko roboti za kupaka. Zilipo, mkono wa mtu umeondoka mahali pa hatari. Zisipokuwapo, brashi ingali mkononi.

Sasa twarudi kwenye kesi tuliyoiahidi, na kwa ajili yake yatupasa kurudi mwaka 1926.

Hartford-Empire haikuwa kampuni ya kutengeneza chupa. Haikuuza hata mashine zake. Iliwakodisha wenye viwanda, na mali yake kubwa ilikuwa hati za uvumbuzi. Mwaka huo ombi lake la hati juu ya njia ya tonge lilikuwa limekwama katika ofisi ya serikali ya Marekani, na upinzani ulionekana kuwa hauwezi kushindwa. Kampuni ilihitaji shahidi. Kama mhandisi wake angelisema kwamba njia ile ni uvumbuzi mkubwa, nani angelimsikiliza? Shahidi aliyefaa ni mtu ambaye faida ya kampuni si faida yake, na zaidi ya hayo, mtu ambaye mashine ile ilikuwa imewanyang'anya wenzake kazi. Sifa itokayo kwa mtu kama huyo haishukiwi.

Maofisa na mawakili wa kampuni wakaandika makala. Kisha wakamwendea William Clarke, rais wa taifa wa chama cha wafanyakazi wa kioo kilichoitwa Flint Glass Workers, mtu ambaye jina lake lilijulikana katika kila kiwanda cha kioo cha Marekani. Akakubali kuitia sahihi kana kwamba ni yake. Mwezi Julai 1926 makala ilichapishwa katika gazeti la kazi ya kioo, National Glass Budget. Ilijifanya kueleza jinsi wafanyakazi waliojiunga katika vyama walivyozipokea mashine mpya, na ndani yake njia ya tonge ilihesabiwa kuwa miongoni mwa mageuzi mawili makubwa yaliyowahi kuwakabili mafundi wa chupa. Sisi tulio wahariri twajua ladha ya barua ambayo mwandishi wake siye mtia sahihi, lakini twakiri kwamba makala ile ilisukwa kwa ustadi. Mwezi Oktoba iliwekwa mezani pa ofisi ya hati kama ushahidi, na tarehe 3 Januari 1928 kampuni ilipewa hati nambari 1,655,391.

Mwaka ule ule Hartford iliishtaki kampuni ya chupa ya Hazel-Atlas kwamba imeiba njia yake. Mahakama ya kwanza ililikataa dai. Hartford ikakata rufaa, na safari hii mawakili wake wakaielekeza mahakama kwenye makala ya Clarke. Mwaka 1932 mahakama ya rufaa iliipa Hartford ushindi, na katika hukumu yake iliyanukuu kwa wingi maneno ya yule iliyemdhania kuwa mtu wa kazi asiye na upande. Hazel-Atlas ilisalimu amri: ililipa dola 1,000,000 na kukubali kufuata masharti ya mkodishaji.

Kabla ya kusalimu amri Hazel-Atlas ilikuwa imepata fununu, ikamtuma mpelelezi kwa Clarke huko Toledo. Clarke alishikilia kwamba makala ni yake. Mambo yalipokwisha, yeye mwenyewe aliidai Hartford dola 10,000, wakapatana kwa dola 8,000. Hatuna habari kwamba mwanachama yeyote wa chama chake aliulizwa.

Siri ilikaa mpaka mwaka 1941, wakati wa kesi ambayo serikali ya Marekani iliwashtaki Hartford-Empire na wenzake kwa kuihodhi biashara ya kioo. Katika kesi hiyo ilithibitika kwamba kufikia mwaka 1938, katika kila chupa 100 zilizotengenezwa Marekani kwa mitambo ya namna hii, 94 zilitoka katika mashine zilizo chini ya hati za kundi lao. Wala Hazel-Atlas haikuwa mwanakondoo; baada ya kushindwa iliingia katika kundi hilo na kula pamoja nao, na ilisimama miongoni mwa washtakiwa. Lakini nyaraka zilizofunuliwa katika kesi hiyo zilionyesha wazi nani aliyeiandika makala, na Hazel-Atlas ikarudi mahakamani kuomba hukumu ya 1932 ifutwe.

Mwezi Mei 1944 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kalamu ya Jaji Hugo Black, ilikubali. Baadhi ya majaji hawakukubaliana naye juu ya njia iliyofuatwa, wakisema Hazel-Atlas ilijua mapema mno na kunyamaza mno. Black alijibu kwamba haki iliyochezewa haikuwa ya kampuni moja dhidi ya nyingine; ilikuwa ya umma. Na juu ya hoja kwamba huenda yote yaliyoandikwa katika makala yalikuwa kweli, alisema kwamba hata kama ni kweli, makala ilipasa kusimama au kuanguka kwa jina lake halisi, yaani maelezo ya mawakili wa Hartford.

Hoja hiyo yatugusa hasa kwa kuwa, juu ya kioo, makala haikukosea. Njia ya tonge ilikuwa bora. Imeishinda njia ya mkondo, imeishinda mashine ya Owens, na kila chupa iliyo mezani ni shahidi wake. Peiler hakuhitaji sahihi ya Clarke ili mchi wake ufanye kazi.

Hati nambari 1,655,391 ikanyimwa nguvu dhidi ya Hazel-Atlas. Katika nakala za National Glass Budget za Julai 1926, jina lililo chini ya makala lingali la Clarke.